Beleshi la kuchimbia: angalia shingo mbele ya kuangalia rangi

KASONGO – Mtu anayechimba kisima, choo ao msingi wa nyumba katika mji wa Kasongo, mara nyingi halipwi kwa siku. Analipwa kwa meta, ao kwa kazi nzima. Beleshi likivunjika saa nne asubuhi, masaa yanayobaki hakuna wa kuyalipa. Ataazima kwa jirani, ama atarudi sokoni kununua lingine na ile pesa aliyokuwa amehesabia chakula cha jioni. Na kama alinunua la bei chini mara ya kwanza, kuna hatari anunue la namna ileile mara ya pili, kwa sababu pesa imebaki kidogo zaidi.

Mabeleshi, ao peli kama wengine wanavyosema, yanafika Kasongo kutoka mbali. Yanapitia Bukavu, Kalemie ao Kindu, na mwisho wa safari unaweza kuwa juu ya piki ao juu ya kinga, kwa sababu ya hali ya barabara. Yakifika sokoni, mara nyingi mchuruzi mwenyewe hajui kiwanda kilichoyatengeneza. Ukimuuliza, anakujibu tu kama iko nguvu. Karatasi ya garanti haipo. Mnunuzi anabaki na macho yake, mikono yake na masikio yake, na hivyo vinatosha kama anajua pa kuangalia.

Watu wengi wanaanza na rangi. Beleshi likingaa, jekundu ao la buluu, na karatasi ya alama imebandikwa katikati, wanaona ni zuri. Rangi haichimbi. Karatasi ya alama nayo inaweza kubandikwa juu ya chuma chochote. Alama iliyopigwa ndani ya chuma chenyewe ni bora kidogo, lakini hata hiyo watu wanaiga.

Pa kuanzia ni shingo, yaani pale bamba la chuma linaposhikana na mpini. Beleshi la kuchimbia mara nyingi linavunjikia pale. Mguu unasukuma bamba chini, mikono inavuta mpini nyuma, udongo unakataa kutoka, na nguvu yote inakutana sehemu moja yenye upana wa vidole vitatu. Mpini wa zaidi ya meta moja unaifanya nguvu ya mikono kuwa kubwa mara nyingi inapofika shingoni. Ndiyo sababu mtu mwembamba anaweza kukunja chuma ambacho mikono mitupu isingeweza.

Kuna shingo za namna tatu. Ya kwanza imetengenezwa pamoja na bamba, chuma kimoja bila kiungo, na ni nene pale inapoanzia. Hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na bei yake iko juu. Ya pili ni bamba ambalo sehemu yake ya juu imekunjwa kuzunguka mpini, na nyuma yake inabakia nafasi wazi kama mfereji. Si mbaya, ila shingo iwe ndefu, walau urefu wa kiganja na vidole vyake, na ule mgongo unaoshuka katikati ya bamba uwe umeinuka vizuri. Mgongo ulio bapa haushiki nguvu. Halafu matope yanajaa ndani ya ule mfereji na kuongeza uzito, kwa hiyo lazima kuyatoa kila mara. Ya tatu ni bomba lililosudewa juu ya bamba. Geuza beleshi uangalie ile sudeo. Kama haizungukii mahali pote, kama ni vidonda viwili vitatu tu vilivyofunikwa na rangi, beleshi lile ni la kuhamisha mchanga na kuchanganya simenti. Kwa udongo mwekundu wenye kokoto, halitakaa siku nyingi.

Angalia pia ribiti zinazoshika mpini. Mbili ni bora kuliko moja, na ribiti ni bora kuliko msumari, maana msumari unalegea na kupanua tundu. Hapo si mambo ya pesa tu. Ndani ya kisima, bamba likichomoka mkononi mwa mtu aliye juu, linamwangukia mwenzake aliye chini.

Kwa unene wa bamba, hakuna haja ya chombo cha kupimia. Ile kadi ya plastiki ambamo SIM inatolewa ina unene wa karibu milimita 0,8. Weka kadi mbili pamoja na uzilinganishe na chuma pembeni mwa bamba, si kule juu mguu unapokanyaga, kwa sababu kule chuma kimekunjwa na kinadanganya macho. Unene wa kadi mbili, yaani milimita 1,5 hivi, ni wa kutosha kwa kazi ya kawaida. Milimita 2 ni kwa mawe na kazi ngumu ya kila siku. Chini ya milimita 1,2, tafuta lingine.

Lakini unene pekee hautoshi, na hapo wengi wanakosea. Chuma laini, hata kikiwa kinene, kinajikunja. Chuma kilichopitishwa motoni na kupozwa vizuri kiwandani kinarudi mahali pake. Weka ncha chini, shika mpini, sukuma pole pole mpaka bamba lipinde kidogo, halafu achilia. Likibaki limepinda, rudisha kwa mwenyewe. Mchuruzi akikataza usijaribu, hilo nalo ni jibu. Kisha inua beleshi likining'inia na ulipige kwa funguo ao jiwe dogo: chuma kizuri kinalia kwa muda. Sauti ikifa mara moja, kuna ufa ao ribiti imelegea.

Na uzito? Mtu anayerusha udongo mara 600 kwa siku na beleshi lililozidi nusu kilo, amebeba kilo 300 za bure. Lenye chuma kigumu na unene wa kadiri linafaa kuliko lile zito la chuma laini.

Mpini unastahili macho pia. Inayokuja na mabeleshi mengi ya bei chini ni ya mti mweupe, mwepesi, umepakwa rangi kuficha vifundo. Angalia nyuzi za mti: zifuate urefu wa mpini mpaka mwisho. Zikikata pembeni, pale ndipo utapasuka. Wale wanaojua wananunua bamba peke yake na kujichongea mpini. Mpera ni mti mzuri kwa kazi hiyo, mgumu na wenye kustahimili, ila ukauke kwanza kivulini ao juu ya moshi wa jikoni kwa majuma kadhaa. Mti mbichi ukiingizwa shingoni utanyauka, na beleshi litaanza kucheza. Kwa kazi ya juu, kama kantoniye wa barabara ao mtu wa matofali, mpini ufike kifuani ili mgongo usiteseke. Ndani ya kisima, ao katika mashimo ya dhahabu kule Salamabila, mpini mrefu hauna pa kugeukia. Pale unahitajika mfupi.

Makosa makubwa yanafanyika pale ambapo anayenunua si yule anayechimba. Komite ya kartye ao ya kanisa inakusanya makuta, inatuma mtu mmoja, naye anarudi na mabeleshi 20 ya bei chini kuliko 10 mazuri. Tuseme la bei chini ni 12 000 franka na linadumu mwezi mmoja, na zuri ni 30 000 na linadumu mwaka. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Ingefaa yule anayetumwa sokoni aende na mchimbaji mmoja.

Fundi wa chuma wa hapa anaweza pia kufua beleshi kutokana na resori ya gari la zamani, na chuma hicho ni kigumu kweli. Muulize anavyolipoza. Na beleshi la kiwandani likipinda, usiruhusu liwekwe kwenye makaa hadi liwe jekundu ili kulinyoosha: likipoa taratibu linakuwa laini, na halitarudia ugumu wake. Linyoshwe likiwa baridi, kwa nyundo, juu ya gogo. Jiwe lililokwama ling'olewe na baramina ao sururu, maana beleshi si chombo cha kung'olea.

Wakati wa kiangazi mpini unanyauka na kulegea. Wengine wanalitia beleshi majini usiku kucha, na asubuhi limekaza. Maji yakikauka, linalegea kuliko mwanzo, na mti unaanza kuoza ndani ya shingo. Bora kutoa ribiti, kuingiza kabari nyembamba ya mti mkavu, na kupiga ribiti mpya.