Midomo Yatangulia, Sauti Yafuata: Dawa Yake Ni Nini?

Bila shaka umewahi kutazama DVD ya aina hii: mhusika amefunga mdomo kitambo, na sauti yake ndiyo kwanza inatoka. Mama analia msibani, ukumbi mzima unaangua kicheko. Mchezo umeharibika, na mwigizaji hana kosa.

Chama chetu kina kanda za video za michezo ya kuigiza na ngonjera za miaka iliyopita, nasi tumeanza kuzihamishia kwenye DVD. Kazi hii haingoji. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kujulikana kwa kuunda deki za VHS, iliacha kuziunda mwaka wa 2016. Kanda nazo zinaliwa na ukungu kabatini. Basi hebu nikueleze jinsi ya kupatanisha sauti na picha.

Kwanza, hakikisha kosa liko wapi. Runinga nyingine za kisasa huchelewesha picha zikiishughulikia. Jaribu DVD hiyo kwenye mashine na runinga nyingine. Ikiwa kosa limehama, usiiguse kazi yako, DVD ni nzima!

Pili, tafuta mahali pa kupimia. Hapa somo la Kiswahili linatufaa sana. Mwalimu alitufunza kwamba p, b na m ni sauti za midomo: huwezi kuzitamka bila kuikutanisha. Mwigizaji akisema "baba" au "mama", tazama midomo inapoachana, kisha sikiliza. Mlio wa ngoma au kofi pia hufaa. Pima mahali patatu: mwanzo, katikati na mwisho. Majibu yatakuonyesha aina ya ugonjwa.

Aina ya kwanza: sauti imechelewa kwa kiasi kilekile toka mwanzo hadi mwisho. Huu ni ugonjwa mwepesi. Video ya mfumo wa PAL, uliotumika hapa Kenya, ina fremu 25 kwa sekunde, yaani kila fremu ni milisekunde 40. Hesabu fremu kati ya midomo na sauti. Zikiwa 5, sauti imechelewa milisekunde 200. Programu ya bure kama Avidemux ina mahali pa kuandika kiasi hicho ili sauti isogezwe. Iliyochelewa huvutwa mbele, na iliyotangulia hucheleweshwa.

Aina ya pili: mwanzo mambo ni sawa, lakini kadiri mchezo unavyoendelea ndivyo sauti inavyozidi kuachwa. Kusogeza hakusaidii kitu hapa. Mara nyingi sababu ni saa mbili: picha iliingia kwenye tarakilishi kupitia kifaa kimoja na sauti kupitia kingine, na kila kifaa kina saa yake. Tuseme mchezo ni wa dakika 50, yaani sekunde 3000, na mwishoni sauti imechelewa sekunde 3. Sauti ina urefu wa sekunde 3003. Itoe peke yake, uifungue katika Audacity, uifupishe iwe 3000 kwa kubadilisha mwendo bila kubadilisha kimo cha sauti, kisha uirudishe. Badiliko ni dogo mno, sikio halitambui. Ihifadhi kama WAV ya sampuli 48,000 kwa sekunde, kwa sababu hicho ndicho kipimo cha DVD. 44,100 ni cha CD ya muziki.

Video za simu nazo zina vituko vyake. Fremu zake huenda zikaongezeka na kupungua, hali DVD inataka mwendo mmoja. Zipitishe kwanza katika HandBrake, uchague fremu 25 zisizobadilika.

Aina ya tatu ndiyo sugu: mambo ni sawa, kisha ghafla sauti inaruka na kubaki nyuma. Kanda ilikunjamana mahali hapo, kifaa kikakosa fremu kadhaa, sauti ikaendelea na safari. Safisha vichwa vya deki, peleka kanda mbele hadi mwisho na uirudishe, funga programu nyingine zote, kisha urekodi upya. Ikishindikana, kata video pale iliporuka na utibu kila kipande peke yake.

Mwisho, jaribu kwanza kwenye DVD ya kufutika, na uitazame yote, si dakika mbili za mwanzo tu. Tena jamani, msiitupe kanda kabla ya kuhakikisha! Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kanda inaoza, na wengi waliomo humo hawataigiza tena jukwaani petu. Tuwahifadhi na sauti zao midomoni mwao.