Jina la Agrippa juu ya mlango: mambo Kaisari Hadrian alituachia katika ujenzi na sanaa



Wale waliokuwa kwenye mkutano wetu wa mwisho wanakumbuka vile tulibishana. Pesa ya kubadilisha mabati ya chumba kimoja cha darasa ilikuwa imepatikana, kazi yote iliandikwa kwenye karatasi, lakini karibu saa nzima ilipotea juu ya kibao: nani ataandikwa pale ukutani, na jina la nani litatangulia. Mimi pia nilisema maneno mingi siku ile, siwezi kujitoa. Niliporudi nyumbani nikakumbuka jengo moja tulilofundishwa mwaka wa pili, katika somo la historia ya ujenzi. Iko Roma, linaitwa Pantheon. Kaisari aliyelimaliza vile tunaliona leo ni Hadrian, lakini juu ya mlango jina lake halipo. Njo maana ninaandika.

Kwanza, Hadrian alikuwa nani? Alizaliwa mwaka wa 76 kisha Kristo. Jamaa yake ilitoka Italica, mji wa Waroma katika Hispania, karibu na Sevilla ya leo. Aliwekwa kaisari mwaka wa 117 kisha kifo cha Trajan, akatawala mpaka alipokufa mwaka wa 138. Trajan alikuwa mtu wa vita, alipeleka majeshi mpaka Mesopotamia. Hadrian aliona nguo imekuwa kubwa kupita mwili. Akaziacha zile inchi mpya za mashariki, akachagua kulinda mipaka. Halafu akaanza safari: Uingereza, Ugiriki, Asia Ndogo, Misri, Afrika ya Kaskazini. Alipita miaka mingi njiani, na kila fasi alipopita aliacha jengo.

Turudi kwa Pantheon. Hekalu la kwanza pale lilijengwa na Marcus Agrippa, rafiki na mkwe wa Kaisari Augustus, karibu mwaka wa 27 mbele ya Kristo. Liliungua mwaka wa 80, likatengenezwa, likaungua tena mwaka wa 110. Kazi ya kulijenga upya inaonekana ilianza siku za mwisho za Trajan, ikamalizika chini ya Hadrian, karibu mwaka wa 126. Ilipofika saa ya kuandika kwenye uso wa jengo, waliandika kwa herufi kubwa kwamba Agrippa, mwana wa Lucius, njo alilifanya wakati alikuwa konsuli mara ya tatu. Hakuna Hadrian. Hakuna hata herufi moja yake.

Watu wakaamini vile kwa miaka na miaka. Ni mwisho wa karne ya 19 tu arkitekte mmoja Mfaransa, Georges Chedanne, alichunguza ndani ya kuta. Matofali ya Waroma yalikuwa na muhuri wa fasi yalipochomwa, na mihuri mingi aliyoikuta ni ya wakati wa Trajan na Hadrian. Kumbe kibao cha mlango kilisema neno moja, na matofali yalisema lingine.

Sasa, kwa sisi watu wa chantier, kuna swali ambalo wadogo zetu huniuliza kila mara: paa la beto bila chuma hata kimoja ndani linasimamaje miaka karibu 1900? Maana kuba ya Pantheon ina upana wa metre 43.3, na kutoka sakafuni mpaka juu ni metre 43.3 vilevile. Ukiwaza mpira mkubwa ndani ya ile nyumba, ungegusa chini. Mpaka leo hakuna kuba nyingine ya beto bila chuma iliyo kubwa kuishinda. Jibu liko katika mambo manne.

La kwanza ni beto yenyewe. Waroma walichanganya chokaa na majivu ya volkano, yale ya Pozzuoli karibu na Napoli na ya fasi zingine karibu na Roma. Majivu yale yakikutana na chokaa na maji yanashikana na kuwa magumu, hata chini ya bahari. Wenzetu wa Goma, wanaojenga kila siku na mawe meusi ya Nyiragongo, wanajua kwamba volkano inaharibu, lakini inaleta pia vifaa vya kujengea.

La pili ni uzito. Hawakutia mawe ya namna moja kutoka chini mpaka juu. Chini waliweka mawe mazito. Kadiri walivyopanda, waliweka vipande vya matofali na mawe mepesi zaidi, na kule juu kabisa walitia mawe ya volkano yenye vitundu vingi, yale mepesi ya kuelea juu ya maji. Ni sawa na mama anayepanga kikapu: viazi chini, nyanya juu.

La tatu ni unene. Pale kuba inapoanza, unene ni karibu metre 6. Pale inapoishia, ni metre 1 na nusu hivi. Tena ndani wamechonga mashimo ya pembe nne, mistari 5 ya mashimo 28, ni kusema 140 yote pamoja. Mgeni anaona pambo. Fundi anaona pia uzito uliotolewa.

La nne ni tundu la katikati, lenye upana wa karibu metre 9. Ungefikiri tundu linadhoofisha. Lakini pete ya matofali inayolizunguka inakazwa na kuba kila upande, na fasi ile ambayo ingekuwa na mzigo haina mzigo. Kutoka pale mwanga unaingia na kutembea ukutani kama mshale wa saa. Mvua nayo inaingia, na sakafu ina vitundu vya kuitoa. Chini ya kuba, ndani ya kuta, kuna matao ya matofali yaliyofichwa, yanayopeleka uzito kwenye nguzo nane nene. Nyufa ziko, tusidanganyane, watafiti walizipima. Lakini jengo lilipangwa vizuri mpaka linasimama pamoja na nyufa zake.

Mbele ya mlango kuna nguzo 16 za mawe magumu kutoka Misri, kila moja ni jiwe moja la karibu metre 12. Zilikatwa kule, zikavutwa mpaka mto Nile, zikapanda mashua, zikavuka bahari. Wale waliozikata na kuzivuta hawakuandikwa fasi yoyote kwenye ule mlango.

Pantheon siyo peke yake. Tivoli, kilometre karibu 30 kutoka Roma, Hadrian alijijengea makao ya hektari karibu 120, yenye mabwawa, bafu, maktaba na sanamu, akikumbusha mule fasi alizoziona safarini, sana sana za Ugiriki na Misri. Athene alimaliza hekalu la Zeus lililoanzishwa zaidi ya miaka 600 mbele yake, akaongeza maktaba. Uingereza, kuanzia mwaka wa 122, askari wake walijenga ukuta wa karibu kilometre 117, kutoka bahari moja mpaka nyingine. Na pembeni ya mto Tiber alianza kaburi lake mwenyewe, lile tunaloita leo Castel Sant'Angelo, likamalizika mwaka wa 139, kisha kifo chake.

Katika sanaa pia aliacha alama. Mbele yake sanamu za makaisari zilikuwa na nyuso zilizonyolewa. Yeye alijionyesha na ndevu, kwa namna ya Wagiriki aliowapenda, na makaisari wengi waliomfuata wakafuga ndevu. Halafu kuna Antinous, kijana wa Bitinia aliyempenda sana, aliyezama katika Nile mwaka wa 130. Hadrian alihuzunika kupita kiasi. Akajenga mji kwa jina la Antinous pale Misri, akaruhusu aabudiwe kama mungu, na sanamu zake zikasambaa kila upande wa utawala. Uso ule wa kijana mwenye nywele za mawimbi, macho yakitazama chini, unakutana nao mpaka leo katika nyumba nyingi za makumbusho. Ni huzuni ya mtu mmoja mwenye nguvu iliyogeuka kuwa sanaa.

Lakini tusimfanye mtakatifu. Mwandishi Cassius Dio, aliyeandika karibu miaka 100 nyuma, anasema kwamba Apollodorus, fundi mkuu wa Trajan, alicheka mchoro wa hekalu la Venus na Roma ambalo Hadrian alilichora mwenyewe: miungu ya ndani imekaa, na kama ingesimama ingegonga paa. Kulingana na Dio, ile kejeli ilimletea Apollodorus kifo. Wanahistoria wengine wana mashaka na ile habari. Ila Yerusalemu hakuna mashaka. Hadrian alitaka kujenga juu ya magofu ya ule mji koloni ya Waroma, akauita Aelia Capitolina, na Aelia ni jina la jamaa yake. Wayahudi walisimama chini ya Bar Kokhba kutoka 132 mpaka 135. Waroma waliwaponda bila huruma. Watu wengi mno waliuawa, wengine wakauzwa utumwani, Wayahudi wakakatazwa kuingia mji wao, na hata jina la jimbo likabadilishwa kutoka Yudea.

Hapa njo ninasimama kila mara. Mtu yuleyule aliyeacha jina la Agrippa kwenye jengo zuri kupita yote, alipiga jina lake juu ya mji wa wengine. Na siyo mji mmoja: Edirne ya Uturuki ilikuwa Hadrianopolis. Kwa hiyo tusiseme alikuwa mtu wa kujishusha. Pengine kumtaja Agrippa kulikuwa siasa, namna ya kujishikanisha na utukufu wa Augustus. Lakini hata kama ni siasa, matokeo ni haya: aliyeanza alikumbukwa.

Na mwisho wa majengo yenyewe? Pantheon ilipona juu ilipata kazi nyingine. Mwaka wa 609 iligeuzwa kanisa, na watu wakaendelea kuitunza. Mchoraji Raphael alizikwa mule mwaka wa 1520. Mafundi walienda kuitazama na kupima; kuba ya kanisa la Mtakatifu Petro pale Roma ni ndogo kidogo kwa upana. Ngambo ya bahari, Thomas Jefferson aliiga Pantheon alipochora nyumba kubwa ya Chuo Kikuu cha Virginia. Lakini katika karne ya 17 Papa Urban VIII alitoa shaba ya paa la mbele, na sehemu kubwa ikayeyushwa kutengeneza mizinga ya Castel Sant'Angelo. Ni kusema: shaba ya hekalu la Hadrian ilienda kulinda kaburi la Hadrian, lililokuwa limegeuka ngome. Majivu yake mwenyewe hayapo tena mule. Jengo linapona pale watu wanaendelea kulihitaji, siyo pale jina limeandikwa kubwa.

Sasa nirudi kwetu. Chumba kile tunachobishania hakikuanzishwa na sisi. Wazazi walibeba matofali kichwani, wakajenga kuta, na sisi tukasomea mule. Tunabadilisha mabati tu. Ombi langu kwa mkutano unaokuja ni dogo: tukiweka kibao, kianze na wale wazazi, na sisi tuandikwe chini kwa mwaka tu, bila majina. Na mbele ya kibao, tuhakikishe mbao ni kavu, misumari inatosha, na maji ya mvua yana njia ya kutoka. Matofali ya Pantheon yalitoa ushahidi kisha miaka zaidi ya 1700. Mabati yetu yatatoa ushahidi mvua ya kwanza.

Nangoja maoni yenu. Hata wale tuliogombana siku ile, karibuni.