Ukungu Hauko Mlimani Tu

Majuzi nilifika katika shule moja karibu na Runyenjes, Kaunti ya Embu, kumtathmini mwanafunzi wangu aliyekuwa katika mazoezi ya ualimu. Alibandika picha ubaoni, akawataka watoto waieleze. Msichana aliyeketi nyuma akasema, "Mwalimu, picha ina ukungu." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akamsahihisha: "Ukungu uko mlimani. Sema picha ni hafifu."

Je, ndugu msomaji, ni nani aliyekosea?

Kiswahili hakina kivumishi kimoja cha asili kinachotosha kueleza kila picha isiyoonekana bayana. Tunayo maneno kadhaa, na kila moja lina kazi yake. "Hafifu", neno lenye asili ya Kiarabu ambako maana yake ni "-epesi", huilaumu picha yenyewe: haikupigwa au haikuchapwa vyema. "Iliyofifia" hutaja wakati: picha ilikuwa bayana, kisha jua na miaka vikaipunguzia rangi. "Yenye ukungu" hudokeza kwamba kuna kitu kilichotanda kati ya jicho na picha. Ndiyo maana mgonjwa wa mtoto wa jicho hulalamika kuwa anaona ukungu. Hasemi kwamba dunia imekuwa hafifu.

Wakazi wa miteremko ya Mlima Kenya, tangu Embu hadi Chuka na Meru, wanaufahamu vyema ukungu wa mwezi wa Julai. Mlima haujafifia wala haujawa hafifu, umefichika tu. Mtoto yule alichota neno katika mazingira yake na kulitumia mahali panapostahili.

Nami nilikuwa nimeketi kando yake, na picha niliiona barabara. Ikiwa picha ilikuwa safi, ukungu ulikuwa wapi? Baada ya kipindi tulimsogeza mbele, akaieleza picha ile bila kusita. Mwalimu mkuu aliahidi kuwashauri wazazi wake wampeleke akapimwe macho.

Walimu wenzangu, kusahihisha lugha ni wajibu wetu. Hata hivyo, kabla ya kulikata neno la mwanafunzi kwa wino mwekundu, tumwulize kwanza alikusudia nini. Msichana yule alikuwa ametueleza maradhi yake kwa Kiswahili fasaha, nasi tukamcheka.