Unataka silaha ya pili ya kulengea shabaha? Anza na shabaha yenyewe

Na MWANDISHI WETU

MTU aliyepata cheti cha kumiliki bastola kwa sababu za usalama, kisha akaonjeshwa utamu wa kulenga shabaha Jumamosi asubuhi, huwa hachukui muda mrefu kabla ya kuanza kuwauliza wenzake swali moja: ninunue ipi sasa?

Majibu huwa mengi kama wenye kuyatoa. Huyu atasifu bunduki aliyoiona kwenye filamu, yule atampigia debe bastola ambayo yeye mwenyewe anataka kuiuza. Mwulizaji hurudi nyumbani akiwa amechanganyikiwa zaidi, na pengine mwishoe hutoa kitita cha pesa kununua chombo kisichomfaa.

Kosa huwa katika swali lenyewe. Kabla ya kuuliza silaha gani, mlengaji anapaswa kujiuliza atalenga nini, umbali gani, mara ngapi kwa mwezi, na kwa risasi za bei gani.

Humu nchini swali hilo lina mipaka iliyo wazi. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mnamo 1977, kwa hivyo anayependa mchezo huu hana mnyama wa kumlenga. Kilichobaki ni karatasi, mabamba ya chuma na vigae vya udongo vinavyorushwa hewani. Bunduki nzito za kuangushia nyati, ambazo majirani zetu wa Tanzania bado wanazitumia katika vitalu vya uwindaji, hazina kazi hapa ila kumtia mwenyewe maumivu ya bega.

Mpaka wa pili ni sheria. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti hakimpi mtu ruhusa ya jumla ya kununua apendacho. Hutaja aina na idadi ya silaha anazoruhusiwa kuwa nazo, pamoja na kiasi cha risasi anachoweza kununua na kuweka kwa wakati mmoja, na hufanywa upya kila mwaka. Silaha ya pili basi ni ombi jingine mbele ya Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, na mwombaji lazima aeleze sababu inayoingia akilini. "Naipenda tu" si sababu. Bunduki za kivita kama AK-47 na G3 hazimo kabisa katika mazungumzo ya raia.

Wengi wanakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa Desemba 2018, waziri wa usalama wa ndani wakati huo, Dkt Fred Matiang'i, alipoagiza kila raia mwenye leseni ya silaha apigwe msasa upya. Aliyekuwa na stakabadhi zake zote alipanga foleni akiwa mtulivu. Mwenye silaha asiyoweza kueleza aliinunua ya nini alikuwa na wakati mgumu zaidi.

Sasa tuingie katika chaguo lenyewe. Kwa maoni ya mwandishi huyu, na ya wakufunzi wengi wa mchezo huu kote duniani, mtu mwenye bastola ya milimita 9 ambaye anataka kulenga vizuri zaidi hahitaji silaha kubwa. Anahitaji iliyo ndogo, yaani ya risasi za .22.

Risasi hii ina kipenyo cha takriban milimita 5.6 na uzito wa gramu 2.6 hivi, ilhali ile ya milimita 9 huwa na kati ya gramu 7 na 8. Baruti yake ni haba, mlio wake ni mdogo, na teke lake halihisiki. Bei yake pia huwa nafuu mno ikilinganishwa na ya milimita 9. Hapo ndipo faida kubwa ilipo, kwani shabaha hujengwa kwa kufyatua maelfu ya risasi, si kwa kumiliki chuma cha thamani.

Ipo sababu nyingine ambayo wengi huionea haya. Mtu aliyeanza na bastola yenye kishindo huzoea kushtuka kabla ya mlio. Kidole kinapoanza kuvuta kifyatulio, mkono hujikaza na mdomo wa bastola huinama kidogo, na risasi hutua chini ya pale alipokusudia. Mwenyewe hajui. Hulaumu bastola, huenda akainunua nyingine ya bei ghali, na risasi zikaendelea kutua pale pale chini.

Kuna njia rahisi ya kujipima. Mwombe mwenzako, mkiwa uwanjani na mbele ya msimamizi, akuwekee risasi bandia zisizo na baruti katikati ya zile halisi bila kukuonyesha mpangilio. Ukifika kwenye ile bandia, hakuna mlio wa kukificha kitendo cha mkono wako. Mdomo wa bastola ukitikisika, umeujua ugonjwa wako, na dawa yake ni .22. Tumewahi kumwona mzee mmoja mwenye bastola ya kutamanika akifanyiwa jaribio hili. Alicheka mwenyewe, lakini alicheka kwa shida.

Hata hivyo, udogo wa risasi hii usimhadae mtu. Pakiti zake huonya kwamba inaweza kudhuru kwa umbali wa maili moja na nusu, yaani zaidi ya kilomita mbili. Kuitumia shambani kwa kulenga mkebe uliowekwa juu ya ua ni hatari kwa jirani asiyeonekana. Lazima pawe na ukuta wa udongo nyuma ya shabaha. Isitoshe, baruti yake huwashwa kwa kugongwa ukingo wa ganda badala ya katikati, na mara kwa mara risasi moja hukataa kulipuka. Hilo likitokea, silaha ielekezwe kwenye shabaha kwa angalau nusu dakika kabla ya kufunguliwa, kwani moto unaweza kuchelewa.

Chaguo la pili ni bunduki au bastola ya upepo. Wapo wanaoidharau wakisema ni ya watoto wa kufukuzia ndege. Wangefaa kujua kwamba katika Michezo ya Olimpiki shindano la bunduki ya upepo hulengwa kwa umbali wa mita 10, kwa kidonge cha milimita 4.5, na alama ya 10 ni kitone cha nusu milimita tu. Ni mchezo wa pumzi, mapigo ya moyo na subira. Abhinav Bindra aliiletea India dhahabu kwa bunduki hiyo jijini Beijing mnamo 2008, ikiwa dhahabu ya kwanza ya mwanamichezo binafsi wa nchi hiyo katika Olimpiki.

Zile za kisasa za mashindano hutumia chupa ya hewa iliyoshindiliwa hadi kipimo cha 200, sawa na mitungi ya wapiga mbizi. Mtu wa Diani au Watamu anaweza kupata mashine ya kujazia kwa wanaowapeleka watalii kupiga mbizi, ilhali wa bara itambidi atafute pampu yake ya mkono na ajiandae kutoka jasho. Anayenunua iliyotumika na atazame tarehe iliyochapwa kwenye chupa hiyo, kwani watengenezaji wengi huiwekea ukomo wa miaka 10. Pia asidhani kwamba kwa kuwa haina baruti basi sheria haimhusu. Na awaulize maafisa wa leseni kabla ya kuagiza chochote kutoka ng'ambo.

Je, bunduki ya marisau? Hii ni ya vigae, na wenye kuupenda mchezo huo huupenda mno. Kigae cha mashindano huwa na upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105, nacho hurushwa kwa kasi huku mlengaji akiwa na muda mfupi sana wa kuamua. Bunduki inayotumika zaidi ni ya namba 12. Namba hiyo ina asili ya zamani: ni idadi ya gololi za risasi ya madini ambazo, zikiwa na upana sawa na wa mtutu, zingefikisha uzito wa ratli moja. Ndiyo maana namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12, jambo ambalo huwakanganya wanunuzi wapya.

Katika bunduki hii, kitako ni muhimu kuliko jina la kampuni. Mlengaji wa vigae hana muda wa kupanga shabaha. Jicho lake ndilo kilengeo cha nyuma. Kitako kikiwa kirefu kupita kiasi hunasa kwapani, na kikiwa kifupi humgonga pua. Kabla ya kununua, inyanyue mara kadhaa ukiwa umefumba macho, kisha uyafumbue. Ukijikuta unatazama moja kwa moja juu ya mtutu, bunduki hiyo inakufaa. Jipime pia jicho lenye nguvu: nyoosha kidole kuelekea kitu cha mbali macho yote yakiwa wazi, halafu fumba moja moja. Jicho linalobaki na kidole mahali pake ndilo linalotawala. Mwenye mkono wa kulia na jicho la kushoto atasumbuka sana na vigae asipolijua hilo mapema.

Vipi kuhusu bastola ya pili ya milimita 9? Inafaa kwa mtu aliyekwisha kuingia katika mashindano kama yale ya IDPA, ambayo yana wafuasi humu nchini. Huko, uzito wa risasi huzidishwa kwa kasi yake na tokeo lazima lifikie kiwango kilichowekwa. Milimita 9 hukifikia,.22 haikifikii katika vitengo vya kawaida. Faida nyingine ni kwamba risasi ni zile zile. Lakini asinunue ndogo kuliko aliyo nayo. Bastola ndogo ya kufichwa kiunoni ni nyepesi, na wepesi huo humrudishia mlengaji teke lote. Kwa uwanjani, kubwa na nzito ndiyo tulivu.

Anayeota kuvaa jezi ya taifa naye atazame mbali kabla ya kuchagua. Ulengaji shabaha haukuwemo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022, wala haukuwekwa miongoni mwa michezo 10 ya Glasgow 2026. Kwa nchi kama yetu, ambayo ilikuwa ikipeleka walengaji huko, huo ni mlango uliofungwa. Olimpiki ingali wazi, lakini huko ni .22, upepo na marisau pekee. Bastola ya milimita 9 haina nafasi.

Aidha, fikiria vipuri. Katika Olimpiki za Tokyo zilizofanyika 2021, Manu Bhaker wa India alikuwa katikati ya mchujo bastola yake ya upepo ilipoharibika. Dakika alizopoteza katika matengenezo zilimgharimu nafasi ya fainali. Alirudi Paris 2024 na kutwaa shaba mbili. Yeye alikuwa na mafundi karibu. Wewe, ikiwa kipande kidogo cha chuma kitalazimika kutoka Ujerumani au Marekani na kupitia idhini zote za kuingiza sehemu za silaha, unaweza kukaa miezi bila kulenga. Aina ambayo wenzako wanayo, na ambayo fundi wa hapa amewahi kuifungua, inashinda ile ya ajabu ambayo hakuna mwingine mwenye nayo.

Katika bajeti, bei ya silaha isimeze kila kitu. Mlio wa bastola ya milimita 9 hukaribia desibeli 160, kiwango kinachoweza kuharibu masikio kwa mlio mmoja, kwa hivyo vikinga masikio na miwani ni sehemu ya ununuzi. Mikono ioshwe baada ya mazoezi, kwa kuwa vumbi la risasi ni sumu, hasa kwa watoto wanaomkimbilia baba mlangoni.

Na kabati la chuma je, lina nafasi? Kabati lililotosha bastola moja halitoshi bunduki ya mtutu mrefu. Kuisimamisha nyuma ya mlango wa chumba cha kulala "kwa muda tu" ndiko kunakozaa misiba inayoripotiwa magazetini, na mwenye cheti ndiye atakayejibu. Yeyote asiyeweza kununua kabati pamoja na silaha na asubiri mpaka aweze.

Idhini ikishatoka, nenda dukani na karatasi zako. Kabla ya kulipa salio, fungua silaha uhakikishe haina risasi, kisha soma nambari iliyochapwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu, na uilinganishe na ile itakayoandikwa kwenye cheti chako. Tarakimu moja ikikosewa, irekebishwe pale pale kabla hujatoka nayo.