Kuzoea Shule Mpya

Upande wa Kasongo na Kabambare, kusini ya Maniema, mtoto anapoanza shule huleta darasani lugha ya nyumbani kwao. Mmoja anasema Kizimba, mwingine Kibangubangu, mwingine Kikusu. Mwalimu wa Lusangi anawafundisha wote kusoma na kuandika kwa Kiswahili. Mwalimu ni mmoja, darasa ni moja, na masomo yakiisha mtoto anarudi kwa mama yake kula bukari na sombe.

Miaka sita inapita. Mtoto anafaulu mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, anaingia sekondari. Hapo mambo mengi yanageuka kwa siku moja. Walimu sasa ni wengi: huyu wa hesabu, huyu wa historia, huyu wa Kifaransa. Kila mmoja anaingia, anafundisha saa yake, anatoka. Kifaransa sasa ndicho lugha ya masomo yote. Na kama shule iko mbali, mtoto analala kwa watu wengine.

Basi jambo la ajabu linatokea. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kijijini anapata alama ndogo. Anasikia haya. Anajiambia: «Akili yangu imekwisha.» Wengine huacha masomo wakati huo huo, wakarudi nyumbani. Baba aliuza mchele na mbuzi ili kulipa gharama, na kazi yote hiyo inapotea.

Lakini je, akili ya mtoto imekwisha kweli? Sivyo. Tazama mche wa mchikichi unapong'olewa kitaluni na kupandwa shambani. Siku za kwanza majani yake hulegea. Mche haujafa. Mizizi yake imekatika kidogo, nayo bado inatafuta maji katika udongo mpya. Mkulima mwenye akili hautupi. Huufunika kivuli na kuunywesha maji.

Kichwa cha mwanafunzi ni hivyo hivyo. Mwalimu anaposema neno la Kifaransa, mtoto analitafuta kwanza katika Kiswahili, ndipo anaelewa. Akiwa bado analitafuta, mwalimu amekwisha kusema maneno mengine matano. Tena anafikiri habari za nyumbani, chakula kigeni, njia asizozijua. Kazi hizo zote zinachukua nguvu ambazo zamani zilikuwa za somo tu. Baada ya miezi kadhaa maneno yanazoeleka, njia zinajulikana, na nguvu zinarudi kwenye somo.

Mfano mmoja unajulikana katika Afrika ya Mashariki yote. Julius Nyerere alizaliwa Butiama, katika Tanganyika, mwaka 1922. Lugha ya kwao ilikuwa Kizanaki. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alikwenda shule ya Mwisenge huko Musoma, mbali na nyumbani, akakaa humo bwenini. Kiswahili alijifunza shuleni. Mwaka 1937 alihamia shule ya Tabora, na huko masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Mwaka 1943 aliingia Makerere, katika Uganda, akajifunza ualimu. Kisha akafundisha Tabora, katika shule ya misioni ya St. Mary's. Mwaka 1949 akavuka bahari kwenda chuo kikuu cha Edinburgh, penye baridi kali, akamaliza mwaka 1952. Mara ngapi alikuwa mgeni! Lakini yule mtoto wa Butiama ndiye aliyeongoza Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, na Kiswahili alichojifunza shuleni akakisema mbele ya taifa zima.

Anayemaliza sekondari na kufaulu mtihani wa Serikali anaweza kwenda chuo kikuu. Kindu kipo chuo kikuu. Vipo pia Kisangani, Lubumbashi, Bukavu na Kinshasa. Cha Kinshasa kilianza mwaka 1954 kwa jina la Lovanium. Kutoka Lusangi hadi Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1,000, na mjini watu husema Lingala. Lubumbashi watu husema Kiswahili, lakini hata hicho kina maneno yake, na mgeni wa Maniema anachekwa kidogo kabla ya kuzoea.

Ugumu mkubwa wa chuo kikuu ni mwingine: hakuna anayemsukuma mtu. Mwalimu anafundisha mamia ya wanafunzi pamoja, wala hajui nani hakuja. Hakagui daftari. Mtihani uko mbali, na kijana anafikiri muda bado upo. Unapofika, anasoma usiku kucha, na asubuhi kichwa ni kizito. Aliyezoea kusukumwa na kengele anaanguka hapo. Aliyezoea kujipangia kazi mwenyewe anasimama.

Ni nini basi kinachomsaidia mgeni? Kwanza, kuuliza. Wazee husema: asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Pili, kurudia somo siku ile ile, kisha baada ya siku chache, kisha tena baada ya juma. Linalorudiwa hivyo hukaa kuliko linalosomwa mara moja kwa usiku mzima. Tatu, kulala vya kutosha, kwa sababu usingizi husaidia kichwa kushika kilichofundishwa. Nne, kupata rafiki mmoja wa kusoma naye, na kuwapasha wazazi habari.

Wenyeji nao wana kazi yao. Mwanafunzi mpya anapokosea neno, darasa likicheka, kesho hatafungua kinywa; na asiyefungua kinywa hajifunzi lugha. Mmoja tu akimwonyesha mahali pa kukaa, kisima, na ukurasa wa somo, huenda amemzuia asiache shule. Kazi hiyo haihitaji fedha wala umri. Hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuifanya.

Maulizo
1. Kwa nini mtoto hodari hupata alama ndogo anapofika sekondari?
2. Julius Nyerere alijifunza lugha zipi shuleni?
3. Chuo kikuu kinatofautianaje na shule ya msingi?
4. Mgeni akiingia darasani kwenu kesho, mtamfanyia nini?