Ulanzi hausubiri: Thamani yake ni saa, si miaka

Na Mwandishi Wetu

MVUA zinapokolea Njombe na Makambako, mianzi huchipua na biashara ya ulanzi hufunguka. Mkulima hukata ncha ya chipukizi, hufunga mbeta ya kukingia utomvu, kisha hurudi asubuhi na jioni kukata tena kipande chembamba ili utomvu usikauke.

Ulanzi mbichi huitwa mtogwa. Una weupe wa maji yaliyotiwa maziwa, ni mtamu na huchonyota ulimi kidogo. Ukilala, hamira ya asili hula sukari, utamu hupungua na kilevi hupanda. Huo ni mkangafu. Siku chache baadaye bakteria hugeuza kilevi kuwa siki. Hapo mnywaji hukunja uso, na muuzaji hubaki na ndoo yake.

Ramu ya Karibiani huenda njia nyingine. Molasi ya miwa huchachushwa, huchemshwa na mvuke wake hukusanywa kuwa pombe kali ambayo bakteria hawaiwezi. Baadhi hukaa kwenye mapipa ya mti wa mwaloni miaka 20 au zaidi, ikipata rangi ya kahawia na harufu ya vanila.

Lakini umri huo una gharama. Kwa joto la huko, pipa linaweza kupoteza asilimia 6 kila mwaka kwa mvuke. Kwa hesabu hiyo, lita 100 hubaki takriban lita 29 baada ya miaka 20. Bei ya chupa hubeba hasara hiyo, pamoja na mtaji uliolala.

Ulanzi, wenye kilevi kidogo, hauwezi kuhifadhiwa hivyo. Kuugeuza gongo si jibu: ni kosa kisheria, na gongo imeua watu. Faida ya mkulima iko kwenye usafi na haraka.

Mbeta na ndoo zioshwe kwa maji ya moto kila siku, kwani mabaki ya jana huchachusha ulanzi wa leo kabla haujafika sokoni. Makambako ni njia panda ya barabara kuu ya Zambia na ile ya Songea, hivyo wateja hawakosekani. Mzigo uondoke shambani alfajiri. Usizibe mtogwa kwa nguvu kwenye chupa, kwa sababu gesi huweza kuipasua. Unaobaki uachwe uwe siki kwa makusudi, kwenye chombo safi kilichofunikwa kitambaa.

Mwisho, chipukizi lililogemwa halitakuwa mwanzi wa kujengea au kusukia vikapu. Anayegema yote msimu huu anakula mtaji wa msimu ujao. Acha machipukizi kadhaa yenye afya katika kila shina, yakue.