Bunduki ya babu bado inapiga shabaha

Camp Perry, Ohio nchini Marekani, wapo walengaji wanaoshindana kwa bunduki kuukuu za jeshi tu. Mosin-Nagant, ya Urusi tangu 1891, ni mojawapo. Kuinunua kuna mtego: mbao zinang'aa, mtutu umekwisha. Mjanja hutazama mdomo kwanza, kwa kuwa askari waliusafisha kwa fimbo ya chuma kutoka mbele, ikala mifereji ya ndani. Risasi ikitokea hapo inayumba, pointi kwaheri. Fundi huuchimba mdomo kidogo hadi akute chuma kizima. Skrubu za kwenye mbao nazo zikazwe sawasawa. Na risasi nyingi za zamani huacha chumvi. Usipoosha mtutu kwa maji siku hiyohiyo, ndo kutu hiyo.